Kiganja Kizima

Juzi hapa Nkubu, vijana kwenye gari la kampeni walinitaka niinue vidole, alama ya chama chao. Nikamkumbuka Nyanya.

Utotoni mwangu, mimi naye tulikuwa tukichuma kahawa kando ya barabara, harufu ya dizeli ikatufikia kabla ya kelele. Lori la kampeni la asubuhi lilitaka tuinue kidole kimoja. Hili la alasiri, viwili. Nyanya aliingia barabarani akainua kiganja kizima, cheusi kwa kahawa. Nilidhani anawasalimia, nikapunga mkono.

Lori likasimama.

“Cucu,” dereva akamwita, yaani bibi kwa lugha yetu, “wewe ni wa chama gani?”

“Chama sina. Anayechuma kahawa ashibe kwanza. Nani kati yenu atasema hivyo?”



Basi juzi nami niliingia barabarani, nikainua kiganja. Dereva akapunga mkono, akidhani namsalimia. Sikusogea.