Mchoro Uliofichwa Kila Mteja Alipoingia

Kwa wiki mbili niliamini kosa ni la mama yangu, na nikamwambia hivyo usoni. Hadi leo jambo hilo linanichoma.

Mama anatarizi nguo katika mtaa wa Kimisagara, kwa cherehani inayoongozwa na kompyuta kuukuu. Humo niliweka draiva huria ya kadi ya picha, yaani programu inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Mimi ni mmoja wa wanaoiandika, watu wa nchi mbalimbali tusiolipwa. Kila ikifika mchana kumbukumbu ya kompyuta ilijaa, skrini ikaganda, sindano ikasimama katikati ya ua. Vitambaa viwili vya mishanana, mavazi ya sherehe yanayofungwa begani, vilishaharibika. Cha tatu, kilichosubiri kutariziwa, kilikuwa cha bibi harusi mwenyewe, na kingine kama hicho hakikupatikana tena sokoni.

"Unabofyabofya mno, Mama!" nilimfokea.

"Mimi? Umva, sikiliza, hii programu iko yako, si yangu."

Nyumbani niliijaribu draiva siku nzima kwenye kompyuta yangu, mchoro wa kutarizi ukiwa wazi. Haikuganda. Nikazidi kuvimba kichwa.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja ya mtaa, tulifunga duka la Mama, tukaenda kusafisha mitaro na majirani. Kompyuta tuliiacha inawaka, mchoro wa bibi harusi ukiwa wazi. Tuliporudi, kumbukumbu haikuwa imepanda hata kidogo. Nikabaki kuikodolea macho namba ya kumbukumbu kwenye skrini. Mara jirani akaja kuulizia uzi. Kabla hajavuka kizingiti, Mama aliuficha mchoro. Alipoondoka, akaufungua tena. Namba ikapanda.

"Mama, kwa nini unauficha?"

"Eh! Nguo ya bibi harusi, watu wataiona mbele ya siku yake? Iko aibu."

Kumbe alifanya hivyo kwa kila aliyeingia, kutwa nzima. Draiva nayo, kila mchoro ulipofunguliwa, ilichukua nafasi mpya ya kumbukumbu bila kuachilia ya zamani, kama mtu anayemletea kila mgeni kiti kipya na harudishi hata kimoja. Nilifungua msimbo, nikatafuta sehemu hiyo. Mstari wa kuachilia haukuwepo. Aliyeiandika sehemu hiyo ni mimi, na nakumbuka nilivyojisifu.

Niliuandika mstari uliokosekana, nikaiwasha kompyuta upya. Mama akaficha, akafungua, akaficha, akafungua, huku mimi nimebana pumzi. Namba ilitulia palepale. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sikujua nilikuwa na hofu kiasi hicho.

"Nisamehe, Mama. Kosa lilikuwa langu."

"Nilikuambia," alisema, akaweka kitambaa cha bibi harusi kwenye fremu. Kisha akanitazama, akauficha mchoro. "Na wewe toka. Umeshaona ya kutosha."

Nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi ya duka, nikasikiliza sindano. Haikusimama hadi ua la mwisho.