Simiti ya Mapenzi

Kabla hajawa mlinzi wa majengo ya kompyuta kule Sterling, Marekani, Kiplagat alikuwa mwashi Eldoret, na hakuna aliyethubutu kumfundisha habari za ukuta. Hilo ndilo lililommaliza.

Nyumba aliichagua mkewe, Jelagat. Ilikuwa na zaidi ya miaka mia, hapo Washington mjini, imebanana na nyingine ukuta kwa ukuta mtaa mzima. Matofali mekundu, ngazi za chuma mlangoni, na dirisha kubwa lililotokeza mbele kama tumbo la mjamzito. Jelagat, nesi, akitoka zamu alikaa humo na chai yake akitazama mtaa juu na chini. Marafiki waliohamia Bowie, nje ya mji, walimcheka kwa kukataa nyumba yenye uwanja. Hakujali.

Kisha mamake Jelagat akafariki, naye akarudi kwao kuzika. Huku nyuma Kiplagat aliona matofali yameanza kumomonyoka kwenye maungio. Kwao, mume anayeacha nyumba ya matofali bila plasta huonekana ameishiwa. Akawaita wanaume wa kanisa, na Jumamosi moja, kwa nyimbo na chai ya maziwa, wakaufunika ukuta wote wa mbele kwa simiti.

Jelagat aliporudi alisimama barabarani na sanduku lake.

“Asante, Kip. Mmefanya kazi,” alisema. Alimpenda mumewe, mwacheni adanganye.

Baridi ya pili ilipokwisha, simiti ilibanduka pamoja na nyuso za matofali. Dirisha likaanza kuachana na nyumba. Wakamwita Zefania, Mtanzania anayekarabati nyumba za namna hiyo. Alichokonoa tofali kwa bisibisi, likamwagika unga.

“Kaka, haya ni laini, yalijengwa kwa chokaa. Yanakunywa mvua, halafu yanaitoa. Wewe umeyaziba. Maji yameganda ndani, yakayapasua.”

“Tubandue basi, tupake chokaa.”

“Tumechelewa. Dirisha halina pa kushikilia. Lishushwe kabla halijaua mtu.”

“Halafu?” Jelagat aliuliza.

“Ukuta mnyoofu, shemeji. Na kidirisha.”

Kiplagat alisubiri atukanwe. Alilitaka tusi lile, japo moja, apate pa kujishika. Mikono yake ndiyo iliyoua kitu pekee ambacho mkewe alikipenda Marekani, na ilikiua ikiimba.

Jelagat alikitoa kiti chake dirishani, akakisogeza mezani.

“Usiambie watu wa church,” alisema. “Walikuja na roho safi.”

Alisema “walikuja” kwa upole sana, bila kumtazama, na Kiplagat akajua naye amesamehewa pamoja nao. Akatoka nje asionekane uso.