Kibe Ndani ya Sombe ya Mama

Siku nesi wa Lilongwe alipomwambia mama yangu atembee kila asubuhi ili moyo wake upate nguvu, mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nitembee tena? Mi nilitembea toka Uvira mpaka miguu ikavimba kama mikate, leo huyu mtoto ananiambia nitembee? Mwambie kutembea kwangu nilishamaliza kote."

Nesi akanitazama mimi, maana Kichewa nilikuwa nimeshakiokota sokoni na mama hakukijua.

"Anasema zikomo," nikamwambia, yaani asante.

Lakini nesi hakuwa mjinga. Akanivuta pembeni. Presha ya mama ilikuwa imepanda vibaya. Ameze kidonge kila siku, hata siku anajisikia mzima, hata siku za kufunga kanisani. Chumvi iwe kidogo kabisa. Na atembee. Asipofanya hivyo, moyo utachoka kabla ya wakati wake, au mshipa utapasuka kichwani siku moja bila kupiga hodi. Nilisikiliza huku nimeshika mkoba wa mama kwa mikono miwili. Kule nyumbani Kongo vita ilikuwa bado inaendelea, baba hatukujua aliko, mdogo wangu wa kiume alifia njiani tulipokuwa tunakimbia. Mama njo alikuwa watu wangu wote.

Kwa hiyo tuliporudi Dzaleka, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, nilijipa kazi. Mi nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini kupika najua, na ndoto yangu ilikuwa kufungua mgahawa Lilongwe, wenye vitambaa vya meza na maua. Nikajiambia, mteja wangu wa kwanza ni mama. Nikapika maharagi bila chumvi. Mama akaonja, akaweka kijiko chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Hii ni chakula ao ni maji ya kuogesha sahani?"

"Mama, nesi alisema..."

"Nesi akule yeye."

Kutembea akakataa kabisa. Nilimbembeleza wiki mbili, nikalia, nikamwimbia. Wapi!

Halafu akaja dada mmoja Mrundi. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mjane, anashona nguo za watoto, na kanisani alisimama mstari wa mbele wa kwaya. Alikuja kuazima sindano, akamkuta mama amekaa mlangoni na miguu imevimba. Akauliza, akaambiwa. Hakubembeleza hata kidogo. Alisema tu:

"Mama, kesho saa kumi na mbili tutoke mimi na wewe. Hatutembei, tunaomba. Tutapita mbele ya kila mlango wa mtaa huu, na kila mlango tunauombea."

Mama, aliyemaliza kutembea kwake kote, akasema, "Hapo sawa."

Wiki mbili zangu! Yeye, dakika mbili!

Asubuhi walitoka. Nilisimama kwenye uzio wa matete nikawaona wakiondoka, mama na kitambaa chake cheupe kichwani, yule dada akipunguza hatua ili mama asihangaike. Walirudi jua limeshapanda, mama anahema kidogo lakini anacheka, anasimulia jogoo wa nani aliwafukuza. Kesho wakaenda tena. Na keshokutwa. Yule dada akamfundisha kuweka kidonge ndani ya Biblia yake, ile yenye zipu, kwenye ukurasa wa kusoma asubuhi, ili asisome bila kumeza na asimeze bila kusoma. Akamwambia redio ya habari za Uvira asiisikilize kabla ya kulala, moyo hauwezi kulala vitani. Mama akazima redio. Mimi nikisema zima redio, nilikuwa naambiwa niache kelele.

Kibaya zaidi, mama alianza kula kwa yule dada. Alirudi kwetu akijifuta midomo.

"Maharagi yake haina munyu," alisema, "lakini iko tamu, sijui anafanya nini."

Sijui anafanya nini! Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilimchukia yule dada kwa sauti yake ya kuimba, kwa kumwita mama yangu "Mama" kama mimi, hata kwa kanga yake iliyokuwa safi kila siku. Kwenye kuomba kanisani nilifumba macho, halafu nikafumbua moja nimtazame kama ananitazama. Hakuwa ananitazama. Nikachukia hilo pia.

Siku za Jumanne nilikuwa naenda Lilongwe, mtaa wa Area 47, kufua nguo kwa familia moja. Huko jikoni niliona mpishi wao anavunja kidude cha mraba kilichofungwa karatasi inayong'aa, anakitupa kwenye mchuzi, na nyumba nzima ikanukia. Nilikijua kile kidude. Kule Uvira tuliita kibe, tulipikia siku za sikukuu tu. Nikawaza: nesi alisema chumvi. Kibe hakutaja.

Jioni ile nilipika sombe. Nilitwanga majani ya muhogo mpaka mikono ikaniuma, nikatia kitunguu, mafuta ya mawese kidogo, na kibe mbili nilizonunua sokoni. Chumvi sikugusa. Mama alikula, akakomba sahani, akaniangalia.

"Leo njo chakula! Mama yangu we, umetoa wapi huu mkono?"

Mama akikuita "mama yangu" unajisikia umezaliwa upya. Kutoka siku ile nilipika na kibe kila jioni, mbili, siku nyingine tatu. Mama akaacha kula kwa jirani.

"Niko na mtoto anapika," alimwambia. Nilikuwa ndani, nikacheza peke yangu bila muziki. Usiku nikapiga magoti nikamshukuru Mungu, na kweli nilidhani tunakubaliana yeye na mimi.

Miguu ya mama ilivimba zaidi. Akibeba ndoo ndogo ya maji alisimama mara mbili. Nikasema ni joto.

Siku ya kurudi hospitali, nesi alipima, akapima tena, akaandika kwa kalamu nyekundu. Presha ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza.

"Dawa anameza?" Kila siku. "Anatembea?" Kila siku. "Chumvi?" Nikatafsiri, mama akainua mkono kama anaapa mahakamani.

"Hata punje! Muulize huyu mtoto wangu."

Nesi akaniuliza kwa macho. Nilikuwa nakumbuka karatasi zile zinazong'aa, nilizokuwa nazificha chini ya mkaa. Kama hazikuwa na neno, nilizificha kwa nini?

"Hapana," nikasema. "Hatumii."

Tukiwa tunangoja gari la kurudi, mama akapata jibu lake mwenyewe.

"Ni ile kutembea. Nilibaambia moyo yangu imechoka na kutembea. Yule Mrundi ataniua na maombi yake."

Ningeweza kusema neno. Badala yake nikasikia furaha ndogo chafu, maana mama alikuwa amerudi kwangu. Nikamnunulia ndizi.

Kesho yake asubuhi yule dada akabisha. "Mama, twende?"

"Sitoki," mama akajibu kitandani. "Tembea na wa rika yako."

Nilifikiri ameondoka. Halafu nikasikia sauti yake nje, chini chini, kwa sababu mlango wetu ulikuwa mmojawapo wa milango ya kuombewa na hakutaka kuuruka.

"Bwana, mkumbuke mama huyu. Mkumbuke mtoto aliyemzika njiani. Na huyu binti aliyebaki umpe nguvu, maana kila asubuhi mama yake haombi kitu kingine, anaomba aishi amwone akifungua mgahawa wake. Amina."

Mama hakuwahi kumtaja mdogo wangu mbele yangu. Hata mara moja, toka njiani mpaka Dzaleka. Na ule mgahawa nilidhani anauona ni upuuzi.

Nilitoka nje miguu mitupu. Yule dada alikuwa ameshafika mlango wa jirani. Nilimshika kanga, nikamwambia yote, kibe, karatasi, nesi, na kwamba nilikuwa namchukia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi natia ndimu na nyanya, nakaanga kitunguu mpaka kiwe chekundu. Ni hivyo tu. Si ungeniuliza?"

"Nilikuwa naona wivu."

"Basi ungeniuliza kwa hasira."

Tukaingia pamoja. Nilimpa mama kibe moja mkononi. Akaifungua, akairamba, akakunja uso mpaka nyusi zikagusana.

"Mama yangu we! Hii ni munyu imevaa nguo ya harusi!"

Nilimwomba msamaha kwa magoti. Halafu akaomba kitambaa chake cheupe.

"Simama. Kama umenipandisha presha kwa upendo, uishushe kwa upendo. Leo tunatembea watatu."

Tulitembea. Wiki ileile nikapanda gari peke yangu, nikamwambia nesi ukweli, naye akanigombeza kama dada mkubwa, nikakubali. Miezi ikapita, tukarudi na mama, na nesi akaandika kwa kalamu ya bluu. Haikuwa imeshuka yote, lakini ilikuwa imeanza kushuka.

Jioni ile nilipika maharagi kwa ndimu, nyanya na kitunguu chekundu, vilevile nilivyofundishwa. Mama akala. Akamaliza. Nikangoja.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini ya yule dada bado inaishinda."

Wivu ukanishika palepale, kooni, mahali pake pa zamani. Nikachukua ndimu nyingine nikakata.