Mkwaruzo Masikioni mwa Mwalimu Petronilla

Jumanne moja, mwalimu Petronilla wa darasa la tatu kule Sigalame alimpa msichana aitwaye Amoit ukurasa asome. Akasikia kra-kra, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Vizuri sana." Darasa zima likaangua kicheko. Amoit alikuwa bado hajafungua mdomo.

Tangu hapo hofu ikahamia kwa Petronilla.

Petronilla huvaa vifaa vya kusikia kwenye masikio yote mawili. Tena ana kipaza sauti kidogo kisicho na waya, ukubwa wa kidole gumba, ambacho humbandika mwanafunzi kwenye kola anaposoma, na sauti ya mtoto humfikia mwalimu moja kwa moja sikioni. Bila hicho, mtoto wa dawati la nyuma ni mdomo unaochezacheza tu. Daktari alishamwonya kwamba usikivu wake utazidi kupungua. Na Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu angekuja kukaa nyuma ya darasa, aone kama bado anaweza kufundisha.

Jumamosi akaenda Busia, mji wa mpakani, kwa Emong, fundi wa simu, ambaye kibanda chake kinatazamana na maegesho ya malori. Alitembea amejibana ukutani, maana kwake honi zote zilikuwa honi moja, isiyojulikana inatoka mbele au nyuma.

Emong akakigeuzageuza kipaza. "Mwalimu, hii ni nini? Simu ya panya?"

"Usicheke, Emong. Nafikiri masikio yangu yameisha."

"Ngoja kwanza. Tusizike mtu hajafa."

Akakichaji. Akakizima, akakiwasha, akakiunganisha upya na vifaa vya masikioni mpaka taa ikawa kijani. Akakibandika shatini mwake, akaenda zake nyuma ya lori la mafuta akiongea. Petronilla akabaki na kra-kra-kra, kama mtu anakaanga mahindi ndani ya kichwa chake. Akaketi juu ya kreti ya soda.

Emong aliporudi alikizima kile kipaza, akainama karibu. "Sasa unasikia mimi?"

"Nakusikia."

"Na ile kukwaruza?"

Petronilla akasikiliza. Haikuwepo.

"Basi masikio hayana kesi. Mwizi ni huyu." Akachukua bisibisi.

Hapo hofu ikabadilisha nguo tu, haikutoka. "Usifungue! Busia nzima hakuna kingine. Kaka yangu Nathaniel alikitoa mbali sana!"

Mkono wa fundi ukasimama. Kidole gumba kikapapasa. "Mwalimu, na hii kavera uliweka lini?"

Aliiweka Jumatatu jioni, siku moja kabla ya kile kicheko. Kavera ni ule mfuko laini, angavu, wa nailoni unaovuka kutoka Uganda, na nyumba nyingi za huku huivisha rimoti ya televisheni isichakae. Petronilla, kwa kuogopa vumbi la chaki, alikivisha kipaza vivyo hivyo, akakaza kwa uzi.

"Nilitaka kikae kipya," akasema polepole.

"Rimoti haisikii, mwalimu. Hii inasikia. Mtoto akipumua, kavera inaimba."

Akakata uzi kwa wembe. Petronilla akafumba macho. Ndani, jasho na chaki vilikuwa vimeshikana kwenye vitundu kama uji. Emong hakupuliza. "Nikipuliza naongeza mate," alisema. Akasugua taratibu kwa mswaki mkavu, akakianika kivulini. Walingoja sana. Hatimaye akakiwasha, akakibandika tena, akapotelea nyuma ya malori.

Mara sauti ya dereva ikaingia sikioni kwa Petronilla, safi kabisa: "Boss, unaongea na kifua chako?"

"Naongea na mwalimu. Msalimie."

"Mwalimu, habari yako!"

"Nzuri!" Petronilla akapaza sauti, mpaka wabadilisha pesa wakageuka kumtazama.

Lakini hofu haina haraka ya kuhama. Jumatatu mwalimu mkuu alikaa nyuma, kalamu mkononi. Petronilla akambandika Amoit kipaza, akarudi ubaoni.

Kimya. Kwani kimekufa tena, au mtoto hajaanza? Ulimi ulishajiandaa kusema 'vizuri sana', ili mradi useme kitu. Akauuma. Akasikiliza. Kwa mbali sana, ndani ya ule ukimya, akasikia karatasi ikifunuliwa na mtoto akivuta kamasi.

"Amoit, mbona hujaanza?"

"Natafuta ukurasa, mwalimu."