Barua ya Posa Niliyoichukua Kwenye Chombo cha Anga

Nianze kwa kukubali kosa, maana mtalisikia tu kwa wengine na wengine wanatia chumvi: ndiyo, ni mimi niliyeandika ile barua iliyosomwa Sharpstown, mtaa wa Houston, mbele ya wazee wa pande mbili, na ndiyo, haikuwa barua ya kaka Idi hata kidogo. Ilikuwa ya Rendal. Na Rendal si mtu, ni injinia wa chombo cha anga kwenye series moja ya TV ambayo naipenda mpaka shangazi anasema nimerogwa.

Kwenye hiyo series kuna Rendal, mtu wa injini, hacheki, na kuna Ikko, rubani, mdomo haufungi, na misimu minne yote hawa wawili wanaokoana, wanagombana, wanaangaliana, halafu pale pale wanapoangaliana wanakata wanatuonyesha sayari. Inaudhi. Kwa hiyo mashabiki wanajiandikia wenyewe yale yaliyokatwa, wanawapa mapenzi yao, wanaweka mtandaoni, na mimi nikaona kwa nini nisiwaandikie kwa Kiswahili (nina wasomaji kumi na mmoja, mmoja yuko Oman, msicheke). Naandika kwa jina la bandia. Hakuna aliyekuwa anajua, maana kwetu wanaume wawili wanaopendana ni jambo ambalo halitajwi sebuleni hata kwa bahati mbaya.

Sasa kwenye sura ya kumi na nne Rendal anataka kumuoa Ikko, na mimi mtoto wa Tanga siwezi kuandika mtu anapiga goti na pete, naona kama ameangusha kitu anakitafuta, basi nikamfanya Rendal aandike barua ya posa kabisa, kwa wazee wa ukoo wa Ikko huko sayari ya kwao, mshenga akatafutwa, na barua yenyewe nikaiweka yote, kurasa mbili. Ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Yule wa Oman aliniambia angekuwa yeye mzazi angekubali siku hiyo hiyo.

Kaka Idi ni mtoto wa shangazi ninayekaa kwake hapa Richardson, pembeni ya Dallas. Kazi yake iko Plano, mji wa jirani, kitambulisho cha ofisi anavaa shingoni mpaka msikitini, na Kiswahili chake ni cha kuomba chakula. Alhamisi akaja kusimama mlangoni kwangu, mimi nimetoka kazini kutunza wazee wa watu, miguu inawaka, na nina sura mpya ya kumalizia.

"Zuhu, naomba uniandikie ile letter."

"Ya nini?"

"Ya kina Nasra. Mzee Kombo anasema lazima iwe Kiswahili, tena Kiswahili cha heshima."

"Mnaenda lini?"

"Saturday."

"Na umejua lini?"

"Like, three weeks."

Wiki tatu. Yeye anamtaka Nasra kweli, hilo silibishi. Nasra ni mtoto wa Wazanzibari wa Houston, alisoma chuo hapa Richardson miaka mitatu, wakajuana kwenye futari za wanafunzi, akarudi kwao, na tangu arudi Idi amekuwa kama mtu aliyeachwa na ndege. Mwanzoni baba yake Nasra hakutaka hata kusikia, eti kijana hamjui, shangazi akaongea, Mzee Kombo (ndiye mshenga) akaongea, mpaka baba huyo akasema haya, leteni barua tuone. Yaani ilikuwa nafasi moja. Na hiyo nafasi moja akaniletea mimi zikiwa zimebaki siku mbili.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikajisemea, nihangaike nini wakati barua ninayo, nzuri, imeshaliza watu? Nika-copy. Palipo na Rendal nikaweka Idi, palipo na Ikko nikaweka Nasra, simu ikabadilisha yote kwa mara moja, raha. Halafu nikaipitia kuwinda maneno ya anga. Nyota nikatoa. Oksijeni nikatoa. Sayari nikaifanya Houston, injini nikaifanya kazi. Niliwinda kweli, neno kwa neno, mpaka nikaona haina hata harufu ya chombo. Kabla ya magharibi nikamtumia Idi. Akajibu kidole gumba. Kesho yake akai-print ofisini kwenye karatasi nzito ya rangi ya maziwa, akatia sahihi, akafunga bahasha.

Jumamosi tukaondoka alfajiri, Idi ana-drive, Mzee Kombo mbele na kanzu yake, mimi na shangazi nyuma na trei za visheti mapajani. Masaa manne. Tulipofika kwenye apartment zao Idi akabaki kwenye gari, maana muoaji haingii siku ya barua, na sisi tukaingia. Sebule ni moja tu, wanaume kwenye makochi, wanawake huku kwenye meza ya kulia, katikati wamefunga shuka kama pazia, kila kitu kinasikika. Nasra yuko chumbani, mlango uko wazi kidogo. Wakaleta chai ya maziwa na mkate wa kumimina. Baba yake Nasra hakuongea sana. Bahasha akampa mdogo wake, Ami Seif, mtu wa kusoma risala kwenye kila harusi ya Houston, sauti yake haihitaji spika. Ami Seif akavaa miwani, akakohoa.

Aya ya kwanza ilikwenda vizuri mno. "Naja mbele yenu wazee wangu nikiwa sina cha kujivunia isipokuwa mikono miwili na moyo usiojua kudanganya." Upande wa wanaume nikasikia mtu anaguna kwa raha. Shangazi akanibinya goti, kwa furaha, akaninong'oneza, "Hivi Idi huyu huyu?" Nami, mjinga mimi, nikainua kidevu.

Aya ya pili Ami Seif akaanza na sauti ile ile ya harusi:

"Sikumpenda Nasra kwa siku moja. Tumelala chumba kimoja miaka mitatu, kitanda chake juu, changu chini, nami nimejua anavyopumua akiota ndoto mbaya."

Jamani. Chumba si neno la anga. Kitanda si neno la anga. Mimi nilikuwa nawinda nyota, na hivi vimekaa pale vimetulia kama vimealikwa.

Halafu baba yake Nasra akasema, taratibu kabisa, "Rudia hapo."

Akarudia. Yote. Na kwa sababu huyu mtu hajui kusoma kitu akaishia njiani (hilo mpaka leo linaniuma, angeishia tu njiani), akaendelea: "Na usiku ule alipoumia bega nilimshona kwa mkono wangu mwenyewe, na kovu lile nalijua kuliko ninavyoijua sura yangu."

Mama yake Nasra akaweka kikombe chini, akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Simu yangu ikatikisika. Idi. "Wamesema yes?"

Kule nyuma ya pazia baba yake Nasra anauliza, "Nasra alikaa Richardson miaka mingapi?" na Ami Seif anajibu kwa sauti ndogo, mara ya kwanza maishani mwake, "Mitatu, kaka." Mzee Kombo akajaribu kusema labda ni lugha ya mafumbo. "Mafumbo gani yana kitanda?" mzee akamuuliza. Mzee Kombo akarudi kwenye chai yake.

Simu tena. "Zuhu?? Mbona kimya?"

Halafu nikamsikia Nasra chumbani. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema tu, "Mama, sina kovu. Angalia. Angalia na huku." Na mimi nimekaa na kipande cha mkate mkononi, shangazi ananiangalia kwa sababu ameshang'amua barua kaandika nani, na nikaona kabisa nikinyamaza dakika moja zaidi yule msichana atakuwa ameharibiwa jina, na baba yake mwenyewe atakuwa ameamini.

Nikafunua shuka, nikaingia upande wa wanaume.

"Shikamoo baba. Barua nimeandika mimi. Hayo mambo si ya Nasra."

"Ni ya nani?"

"Ya watu wawili wa kwenye hadithi. Wako kwenye chombo cha anga. Wanalala chumba kimoja kwa sababu chombo ni kidogo."

Hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingeamini. Akasema, "Mwanangu, usimfichie kaka yako." Basi ikabidi nitoe simu, nifungue sura ya kumi na nne, na jina langu la bandia pale juu, nimpe Ami Seif. Akashika barua mkono mmoja na simu mkono mwingine, akaanza kulinganisha mstari kwa mstari kama afisa wa forodha.

"Kweli, kaka. Hapa pameandikwa Ikko. Kitanda cha Ikko juu." Akashusha kidole. "Bega la Ikko." Akaniangalia juu ya miwani. "Huyu Ikko ni mwanamke?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini simu anayo yeye, na mistari miwili chini Ikko ananyoa ndevu.

"Mwanamume, Ami."

"Na huyu Rendal?"

"Naye mwanamume."

"Na anamposa?"

"Ndiyo, Ami."

Akafikiri. "Na hicho chombo saa hizo anaendesha nani?"

Hata hakungoja, alikuwa ameendelea kushusha, barua imeisha, Ikko ameshafungua mlango na Rendal amesimama pale, nikanyoosha mkono kuomba simu yangu lakini nilichelewa kidogo. Ami Seif alinirudishia kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. "Astaghfirullah," akasema, kwa upole, akavua miwani.

Baba yake Nasra alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anakasirika, kumbe anashusha pumzi. Akamwita mkewe, akasema yamekwisha, mtoto hana kosa. Halafu akasema yule kijana aliyeko kwenye gari aitwe.

Idi akaingia anatabasamu, maskini, ameshajipulizia manukato.

"Barua yako umeisoma?"

Idi akaniangalia mimi. "Nime… nimei-skim, baba."

"Umeleta posa hujui imesema nini." Mzee akakunja barua, akairudisha kwenye bahasha, akampa Mzee Kombo. "Mrudi nayo. Akitaka kuoa aandike kwa mkono wake, Kiswahili chochote alichonacho. Nikiona neno zuri mno nitajua si lake."

Kurudi Dallas redio haikuwashwa. Idi ali-drive taya limekaza, na mimi nina hasira naye, nina hasira na mimi mwenyewe, nina hasira hata na Rendal. Tulikuwa tumeshapita Huntsville shangazi aliposema, bila kunigeukia, "Hayo unayoandika, unaandika kwa jina gani?"

"La bandia, shangazi."

"Basi libaki hilo hilo."

Hajalizungumzia tena.

Kesho yake nikamtumia Nasra ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Alijibu baada ya siku nne. "Hadithi yako haijanikera. Kilichonikera, mama alinivua mtandio akaniangalia mabega, na baba alikuwa anangoja jibu. Mimi nimeishi vizuri miaka yote hiyo halafu wewe unanibandika maisha ya mtu mwingine kwa sababu ulikuwa na haraka." Nimeuandika huo ujumbe kwenye daftari langu wote kama ulivyo.

Idi alikaa wiki mbili na kalamu. Kila nikipita ananiuliza neno, nami namwambia silijui hilo neno. Ilitoka mistari sita, ngeli zimepishana, "nampenda" ameiandika mara tatu, na walikwenda nayo bila mimi. Mzee aliisoma mwenyewe, kimya kimya, akamwambia Mzee Kombo hii ni yake, akakubali.

Kwa hiyo mimi na maneno ya mapenzi ya watu walio hai tumeachana. Rendal na Ikko naendelea kuwaandikia, wao hawana wazazi Houston. Lakini mtu mwenye bega lake, hapana, sichukui neno la mwingine nikambandika, hata anisifie vipi, hata zibaki siku mbili. Harusi ilipokaribia mama yake Nasra akanipigia, akasema wewe si ndiye unayejua kuandika, tusaidie maneno ya kadi. Nikamwambia shikamoo mama, naomba unitajie moja moja niandike. Akataja, nikaandika. Sikuongeza hata koma.