Kadi Iliyobaki Safari Moja

Niliondoka Buswelu asubuhi kwa sababu ya kadi. Jirani yangu, aliyekuwa akivusha vitunguu kwenda kisiwani, alikuwa ameacha biashara hiyo, akanipa kadi yake ya kivuko. "Imebaki safari moja," alisema. "Ya kwenda. Kurudi utajijua mwenyewe." Sikuwahi kuona geti likifunguka kwa kuguswa na kadi, nikataka kuona. Nilitia shati na mswaki kwenye mfuko, nikasimama barabarani.

Hadi Magu nilipanda kenta iliyokuwa ikirudisha makreti ya soda. Dereva aliuliza naenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu. Alinitazama, kisha akaongeza sauti ya redio. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na ng'ombe walikuwa wakila mabua majarubani.

Magu nilikunywa chai, halafu nikapata nafasi kwenye mchomoko, gari dogo la abiria, uliokuwa ukielekea kivukoni. Mbele alikaa kijana mmoja, Masatu. Nyuma nilikaa na mama wa makamo aliyejifunika khanga hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Tulipokwenda kidogo, Masatu alisema, "Dereva, muulize mama kama upepo unamsumbua."

"Mwambie haunisumbui," mama akajibu. Kutoka alipokaa angeweza kumgusa bega.

Aliona nashangaa. "Huyo ni mkwe wangu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hatuangaliani, hatupeani kitu mkononi. Ndiyo heshima yetu. Amenifuata kwa sababu binti yangu ana uchungu tangu alfajiri. Uzazi wa kwanza. Amesema nisipokuwepo hatatulia."

Kivukoni tulifika jioni. Pantoni ya mwisho ilikuwa imeshapakia magari, na injini ilikuwa ikinguruma. Geti la abiria lilikuwa la vyuma vya kuzunguka, jembamba, na kando yake mashine yenye taa. Msimamizi alikuwa dada mmoja mwenye fulana ya njano.

Masatu alikuwa na kadi moja, yenye salio la kutosha. Mama hakuwa na kadi, na kadi mpya zilikuwa zimeisha.

"Si tatizo," yule dada alisema. "Nabonyeza watu wawili, unagusa mara moja, mnapita pamoja. Ila mbanane, linazunguka mara moja tu."

Masatu alirudi nyuma hatua mbili, akageukia ziwani. Mama alishusha khanga hadi puani.

"Nitapita kwanza, kadi niiweke chini, aiokote," Masatu alisema.

"Ukishagusa, mashine inaikataa kadi hiyo mpaka pantoni nyingine. Na nyingine ni kesho."

"Afungue geti la magari," mtu mmoja nyuma yetu akapaza sauti.

"Hilo ni la magari na wagonjwa. Mama, sema tu unaumwa, nikufungulie."

"Naenda kupokea mjukuu, halafu njiani nijiite mgonjwa?" mama alisema. "Siumwi. Siumwi kabisa."

"Mama, jamani! Ni kupita tu, hata hamtazamani!"

"Wewe dada umeolewa?"

"Bado."

"Ndiyo maana."

Watu walicheka. Masatu hakucheka. Honi ya pantoni ililia, naye alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mke wangu ananisubiri nimfikishe mama yake," alisema, bado ameelekea majini. "Nikifika peke yangu nitamwambia nini?"

Hapo nikakumbuka kadi yangu. Mimi na mama hatukuwa na uhusiano wowote, kwa hiyo nilimpa mkononi. Aligusa, taa ikawa ya kijani, akapita peke yake bila kugeuka. Nami nikamwambia dada abonyeze watu wawili.

Masatu aligusa kadi yake. Tukaingia kwa pamoja, kidevu changu kwenye kisogo chake, mfuko wangu umekwama kwenye vyuma. "Sukuma!" dada alisema. Nikasukuma, tukatokea upande wa pili tukikimbia.

Kwenye pantoni mama alikaa mbele kabisa, Masatu nyuma kabisa. Mimi nilisimama katikati, nikitazama mawe yanayochomoza majini kama migongo ya viboko. Walinituma mara tatu, na mara zote ujumbe ulikuwa uleule: mama anauliza, binti yangu amepiga simu? Masatu anajibu, bado.

Kisiwani mama alipanda pikipiki kwenda zahanati. Masatu hakumfuata. Aliniambia kwamba kuanzia usiku ule mama angelala kwake kumhudumia mzazi, kwa hiyo yeye ndiye wa kuhama. Tukaenda pamoja kutafuta gesti.

Mwenye gesti alikuwa akitafuta ufunguo simu ya Masatu ilipoita. Alisikiliza huku ameegemea ukuta.

"Wa kike," alisema. Kisha akauliza kwenye simu, "Na mama alifika kabla?" Akaitikia kwa kichwa. Halafu akachuchumaa palepale mlangoni, akacheka peke yake.

"Hongera," mwenye gesti alisema. "Lakini chumba kimebaki kimoja, na kitanda ni kimoja. Chembamba. Nyinyi mnafahamiana?"

Masatu alinitazama, akapokea ufunguo.

"Huyu? Tutaenea," alisema. "Tumeshapimwa getini."