Mbele Mraba, Nyuma Mraba

Mwalimu Wirot alikuwa mtu wa filimbi. Aliivaa shingoni pamoja na hirizi yake ya Buddha, na viwili hivyo viligongana kila alipokimbia. Kwa miaka mingi alifundisha mazoezi ya viungo katika shule ya sekondari ya mji mdogo mkoani Phrae, kaskazini mwa Thailand, na hakuna aliyemdai zaidi ya hayo. Vijana wakiupiga mpira wa takro kwa visigino bila kuvunjana shingo, kazi yake imekwisha. Anakwenda zake nyumbani kula tambi za mkewe Lamyai, ambaye huziuza sokoni asubuhi na kumwachia mume zile zilizokosa bahati ya kununuliwa.

Kisha Mwalimu Duangchan wa hesabu akapata uhamisho kwenda mjini, na mkuu wa shule, Bwana Chaloem, akamwita Wirot ofisini.

"Mwalimu Wirot, wewe hesabu unaijua."

"Mimi, mkuu?"

"Kila asubuhi nakusikia uwanjani. Moja mbili, moja mbili."

"Ndipo inapoishia, mkuu."

"Basi endelea na tatu."

Wirot akaunganisha viganja, akainamisha kichwa, akasema ndiyo. Ndivyo watu hufanya mbele ya mwenye kiti kirefu, hata kama ndiyo yenyewe inawachoma koo kama mwiba wa samaki.

Mabano yalimkuta hajajiandaa. Kila mtoto wa nchi ile ameimbishwa namna ya kuyafungua: vitu viwili vikijumlishwa ndani ya mabano, na mabano yote yakapigwa mraba, cha kwanza huitwa Mbele, cha pili huitwa Nyuma, na wimbo wake ni *mbele mraba, mbele-na-nyuma mara mbili, nyuma mraba*. Wirot naye aliuimba utotoni. Tatizo ni kwamba siku hizo alikaa dirishani, macho yakiwa uwanjani, na kile kipande cha katikati kilipita sikio moja kikatokea dirishani. Alichobaki nacho ni kichwa na mkia.

Kwa hiyo akafundisha kichwa na mkia. Tena kwa ufundi! Aliwasimamisha wanafunzi, akapuliza filimbi: "Mbele mraba!" wote hatua moja mbele, "Nyuma mraba!" wote hatua moja nyuma, makofi juu. Watoto waliokuwa wakilala katika somo la hesabu tangu wazaliwe wakaanza kutikisa sakafu. Darasa la chini likalalamika kwamba vumbi la dari linawaangukia kwenye madaftari.

Siku moja wakafika kwenye safari ya kurudi, yaani kuuchukua mtajo uliokwisha kufunguliwa na kuufunga tena ndani ya mabano. Kitabu kilisema: x² + 6x + 9. Wirot akautazama. Mbele ni eksi, hilo halina ubishi. Nyuma ni tatu, kwa kuwa tisa ni tatu mraba. Lakini katikati alikuwa ameketi huyu 6x, kama mtu aliyeingia harusini bila kadi na tayari ameshika sahani.

"Kosa la uchapaji," Wirot akatangaza. "Wizarani huko wana haraka. Chukueni kalamu, mkateni huyo wa katikati."

Kalamu zikakwaruza darasa zima, isipokuwa moja. Msichana mmoja, jina lake la shule Nuanphan, la nyumbani Mot, yaani Sisimizi, alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mot, wewe mkono umekufa ganzi?"

"Naomba ruhusa, Mwalimu. Nimejaribu kuweka moja mahali pa eksi. Moja na tatu ni nne. Nne mraba ni kumi na sita. Kitabu nacho kinasema moja, sita na tisa, ambayo ni kumi na sita. Tukimkata wa katikati inabaki kumi."

Ilikuwa hesabu ya kufanya kwa vidole. Wirot hakuifanya. Alichosikia ni kwamba mtoto anambishia mbele ya watu, na masikio yakamwaka. Baadaye, kila alipojaribu kujitetea kwamba hakujua, kumbukumbu ilimrudisha hapo: alipewa nafasi ya kujua, akaikataa.

"Moja si eksi," akasema. "Eksi ni eksi. Umeelewa?"

Darasa likacheka. Mwalimu akiwa na jambo la kuchekesha, hata lisipoeleweka, ni adabu kucheka. Akamtoa Mot mbele, akamshikisha masikio, akamchuchumalisha na kumwinua huku wenzake wakimwimbia: mbele mraba, chini, nyuma mraba, juu. Tangu siku hiyo jina la Sisimizi likafa, akazaliwa Sita-Eksi.

"Sita-Eksi, umekula?"

"Sita-Eksi, toka katikati tusije tukakukata."

Katika jaribio lililofuata Mot aliandika kama wenzake, bila mtu wa katikati. Wirot akampigia alama ya vema kwa wino mwekundu, na kando yake akaandika: *Umeanza kuelewa*.

Mambo yangeishia hapo kama si wakaguzi wa elimu. Walikuja, wakaona watoto wakiruka na kupiga makofi, wakapiga picha na video mpaka simu zikapata moto. Hakuna aliyetazama ubaoni, kwa kuwa ubao haukuwa ukicheza. Haikupita wiki, bango kubwa likatundikwa langoni: uso wa Wirot, mpana kama sinia, na maneno *Hongera Mwalimu wa Hisabati Hai*. Wafanyabiashara wa soko wakaanza kumwongezea Lamyai mboga bure.

Ikafika likizo ya kiangazi, na Wirot akatakiwa kutengeneza jukwaa la mazoezi kwa vipande vya mpira. Mraba mmoja, kila upande vipande vitano: vitatu vyekundu kwa mbele, viwili vya buluu kwa nyuma. Akajiona sasa ni mtaalamu. Akatumia kanuni yake kuagiza vipande. Tatu mraba, tisa nyekundu. Mbili mraba, nne za buluu. Mkuu wa shule akafurahi mno kuona jukwaa kubwa hivyo linahitaji vipande vichache hivyo.

Wirot akaviweka. Nyekundu zikakaa kona moja, mraba safi. Buluu zikakaa kona ya mkabala, mraba safi. Na katika zile kona mbili nyingine, saruji ilikuwa ikimtazama. Akarudi nyuma, akafikiri ameibiwa. Kisha akahesabu mahali palipo wazi: huku tatu kwa mbili, na kule tatu kwa mbili. Mbele kwa nyuma. Mbele kwa nyuma. Mara mbili.

Akakaa kitako kwenye saruji pale pale. Wimbo mzima ukamrudia, pamoja na lile dirisha la utotoni, na baada ya wimbo ukamrudia uso wa Mot aliyeshika masikio.

"Hizi tambi zimekukosea nini?" Lamyai akamwuliza mchana. "Unazizungusha tu kama unatafuta pete."

Wirot akamweleza yote. Lamyai alicheka alipofika kwenye kosa la uchapaji, akaacha kucheka alipofika kwenye masikio.

"Basi nenda kamwambie mtoto wa watu."

"Na bango je, mama?"

"Bango ndilo lililokuzaa?"

Lakini hakwenda. Shule ilipofunguliwa Mei alijiambia atangoja wiki ya kwanza ipite. Wiki ikapita, akajiambia atafundisha kanuni sahihi kimyakimya, kama mtu anayebadilisha shuka mgonjwa hajaamka. Kila akipita langoni alitazama upande wa pili wa barabara asikutane na uso wake mwenyewe.

Kisha sekondari kubwa ya mkoa ikataka kila shule ipeleke mtoto mmoja kwenye mtihani wa kuingia darasa la sayansi. Wirot akamwita Mot barazani.

"Nataka kuandika jina lako."

"Hapana, Mwalimu. Asante sana."

"Kwa nini?"

"Mimi kichwa cha hesabu sina." Alisema kwa adabu, viganja pamoja, bila kinyongo hata chembe. "Mwalimu mwenyewe anajua."

Angemtukana, Wirot angelala usingizi. Ile adabu ndiyo iliyomwingia kama kibanzi chini ya ukucha. Mtoto huyu hakuwa amefundishwa kosa la mabano tu. Alikuwa amefundishwa kwamba akili yake ikimwambia kitu, inadanganya. Na jina lilitakiwa kufika mkoani kabla ya wiki kwisha.

Alhamisi ikawa siku ya kuwaheshimu walimu. Walimu wote juu ya jukwaa, vitini, mashati yamepigwa pasi. Wanafunzi chini, wamepiga magoti. Kila darasa likatuma mwakilishi na sinia la maua: maua ya mbilingani kwa ajili ya unyenyekevu, kwa kuwa huinamisha vichwa, na majani ya ukoka kwa ajili ya subira. Darasa la Wirot, kwa utani, lilikuwa limemchagua Sita-Eksi. Alikuja kwa magoti, ubao wa sakafu hadi ubao, sinia limemzidi kifua, na nyuma yake vicheko vilivyobanwa vikitoroka puani.

Akalinyanyua sinia. Wirot hakulipokea.

"Mot," akanong'ona, "ile sita eksi ilikuwa sahihi."

"Najua, Mwalimu."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile. Baadaye nikaacha kujua." Akalisukuma sinia karibu zaidi. "Mwalimu, pokea, magoti yananiuma."

Akapokea. Angeweza kuishia hapo. Amekwisha kuomba radhi, na gharama yake ni mnong'ono. Lakini aibu ya mtoto ilikuwa imetangazwa kwa filimbi. Wirot akainuka, akaliweka sinia juu ya kiti chake, akachukua kipaza sauti. Bwana Chaloem akatabasamu, akidhani anataka kutoa baraka.

"Niliwafundisha uongo," Wirot akasema. "Kitabu hakikukosea. Aliyekosea ni mimi. Nuanphan alinionyesha, nikamwadhibu. Katikati kuna mbele-na-nyuma mara mbili. Mliyemcheka ndiye peke yake aliyehesabu."

Mkuu wa shule akapiga makofi. "Mnaona unyenyekevu wa Mwalimu Wirot! Anatania ili mjifunze. Mpigieni makofi!"

Makofi yakanyesha ukumbi mzima. Wirot akasema, "Sitanii, mkuu," lakini kipaza sauti kilikuwa kimekwisha kuzimwa, na sauti yake, iliyozoea kuvuka uwanja mzima, haikuvuka hata safu ya kwanza.

Ila darasa lake lilikuwa safu ya kwanza. Walisikia. Mvulana mmoja akamgeukia Mot akasema, "Kumbe wewe, Sita-Eksi?" na kwa mara ya kwanza jina lile halikuwa na mkia wa kicheko.

Mot mwenyewe, macho mekundu, alimkuta Wirot nje ya ukumbi.

"Mwalimu ungeniambia kabla. Wamenitazama tena wote."

"Kweli. Nisamehe."

Mot alivuta sketi yake ikae sawa juu ya magoti yaliyochubuka. "Mtihani nitafanya," akasema. "Lakini nataka kufundishwa na mtu mwingine."

Wirot alitegemea adhabu nyingine zote isipokuwa hiyo. Mchana ule ule akampigia simu Mwalimu Duangchan kule mjini, akamwomba amchukue mtoto siku za Jumamosi. Na kwa kuwa Duangchan hakuwa mtu wa kukubali jambo nusu, akalazimika kumweleza sababu.

Duangchan alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa, sauti yake haikuwa tena ya kicheko.

"Na wale wengine, kaka? Wao uliwaachia nini vichwani?"

"Nilichokuwa nacho mimi, dada."

"Mlete huyo mtoto. Na wewe uje, uketi, uandike. Jumatatu uwarudishie wengine."

"Hatataka kuniona."

"Kamwulize. Mbona kumchuchumalisha hukuogopa?"

Akaenda. Mot alikuwa chini ya ngazi akivaa viatu. Wirot akaeleza, akichezea mikono kama mtu aliyepoteza kofia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akangoja jibu la mwanafunzi bila kujua litakuwa lipi.

Mot alifunga kamba ya kiatu cha kwanza. Akafunga ya pili.

"Mwalimu aje," akasema. "Lakini akikosea, nitasema."